Sukari ya mama yangu imewafikiaje wauza dawa?

Kwenu uongozi,

Naandika kutoka Nkuhungu hapa Dodoma, mimi ni mteja wenu, au tuseme nilikuwa, maana hiki mlichomfanyia mama yangu hadi leo sijakielewa.

Mwezi uliopita nilimwekea mama aplikesheni yenu kwenye simu yake ili aongee na daktari bila kwenda kukaa foleni, ana kisukari na miguu imeanza kumsumbua. Tukajaza kila mlichotaka, majina matatu, umri, namba, dawa anazotumia, nikamtoboa kidole na kile kimashine ikasoma 14.2 nikaandika hivyo hivyo. Daktari alimsikiliza vizuri, hapo sina neno.

Siku ya nne mama yuko mezani kwake sokoni Majengo anauza karanga, meseji ikaingia. Miwani kaisahau nyumbani, akampa jirani yake wa meza ya pili amsomee na yule mama sauti yake mnaisikia mpaka stendi, akasoma majina yote matatu halafu "sukari 14.2 ni hatari, tuna dawa ya kienyeji inamaliza kisukari siku 21, lipia leo upate ofa". Pale sokoni hakuna aliyekuwa anajua, hata mdogo wangu alikuwa hajui. Saa hizi wateja wanamuuliza sukari vipi, mmoja kampelekea mbegu za mlonge. Anacheka nao, ila akirudi nyumbani haongei na mimi vizuri maana mimi ndo nilimwingiza.

Namba ya simu sawa, namba zetu zinazagaa kila mahali (wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" tumeshawazoea). Lakini hiyo nukta mbili wameitoa wapi? 14.2 tuliijua mimi, mama na daktari wenu basi.

Nimepiga huduma kwa wateja mara tatu, dada ananiambia mlikubali vigezo na masharti. Tulikubali atibiwe jamani! Kule Marekani mwaka 2023 GoodRx, kampuni yenye aplikesheni ya kutafuta dawa kwa bei nafuu, walikubali kulipa faini ya dola milioni 1.5 kwa ishu ya kupeleka taarifa za afya za watu Facebook na Google kwa ajili ya matangazo, na wao si ajabu walikuwa na vigezo vyao. Na hapa kwetu msijifanye hakuna sheria, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, taarifa za afya ni taarifa nyeti na ridhaa yake inatakiwa iwe ya maandishi. Mama kaandika wapi kwamba auziwe dawa?

Nataka mniambie mmempa nani na lini, mfute zote na hao mliowapa nao wafute, na mama aombwe radhi yeye mwenyewe. Siku 14 zikiisha kimya naenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na meseji yenyewe ninayo.

Jibu nitumieni mimi kwa imeili. Kwenye simu ya mama msitume kitu tena.