Tume ya kila msiba haitoshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme jambo moja kuhusu wananchi wanaokufa mikononi mwa polisi. Sisemi kwamba polisi wote ni wauaji, wala sisemi kazi yao ni nyepesi. Ninachosema ni kwamba nchi yetu haina utaratibu wa kudumu wa kuuliza nani alifyatua, kwa amri ya nani, na kulikuwa na ulazima gani. Tunachofanya ni kusubiri. Kifo kikipigiwa kelele, inaundwa tume. Kisipopigiwa kelele, kinazikwa pamoja na marehemu.

Wenye umri wangu wanakumbuka Januari 2006. Wafanyabiashara 3 wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi wa Dar es Salaam waliuawa, na taarifa ya polisi ikasema ni majambazi waliokufa katika majibizano ya risasi. Hadithi hiyo ingeweza kuishia hapo, kama zilivyoishia nyingine ambazo tumezisoma kwenye kurasa za ndani za magazeti na kuzifunika. Ndugu wa marehemu walikataa. Rais Kikwete akaunda Tume ya Jaji Musa Kipenka, na ikabainika kwamba hapakuwa na majibizano yoyote. Watu wale walichukuliwa wakiwa hai na kupelekwa kuuawa msitu wa Pande.

Kilichofuata tunakijua. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia washtakiwa wote, akiwamo Abdallah Zombe aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa mkoa, na Jaji Salum Massati akasema waliotenda mauaji yale hawakuwa mbele yake. Serikali ikakata rufaa. Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani ofisa mmoja tu, Christopher Bageni, na kumhukumu kunyongwa. Miaka 10 na zaidi, watu 4 waliokufa, hatia moja. Hapo ni pale ambapo Rais wa nchi mwenyewe aliingilia. Mkulima wa Ulanga ambaye kijana wake ameuawa bila Rais kupata habari, yeye aanzie wapi?

Septemba 2, 2012 ikaja zamu ya Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari Iringa. Aliuawa kijijini Nyololo, Mufindi, akiwa kazini, kwa bomu la machozi lililofyatuliwa karibu kabisa na mwili wake. Mchana kweupe, mbele ya wakubwa wa polisi. Kesi ile ilifika mahakamani kwa sababu waandishi wenzake walikuwa na kamera, na picha za askari waliomzingira zilienea kabla mtu hajapata muda wa kutunga maelezo mengine. Waziri aliunda kamati chini ya Jaji mstaafu Stephen Ihema. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo ilichunguza na kuwalaumu polisi. Mwaka 2016 askari mmoja wa cheo cha chini alifungwa miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Waliokuwa wakitoa amri siku ile hawakupandishwa kizimbani.

Sasa tazama palipokosekana kamera. Februari 16, 2018, siku moja kabla ya uchaguzi mdogo wa Kinondoni, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji alipigwa risasi akafa akiwa ndani ya daladala, polisi walipokuwa wakitawanya maandamano ya Chadema. Hakuwa mwandamanaji. Alikuwa abiria. Askari 6 walishikiliwa, kisha ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ikalifunga jalada kwa kukosa ushahidi. Viongozi wa Chadema walioongoza maandamano ya siku ile ndio walioshtakiwa, na Machi 2020 Mahakama ya Kisutu ikawatoza faini ya jumla ya Sh350 milioni, hukumu ambayo Mahakama Kuu iliifuta mwaka uliofuata. Walioandamana walipatikana wote kwa majina. Aliyefyatua hadi leo hana jina.

Hili ndilo linaloniuma zaidi, Mhariri, kwa sababu nimefanya kazi ya ukarani wa mahakama maisha yangu yote ya utumishi na najua jalada linavyokufa. Jalada haliuawi siku ya kufungwa. Linauawa saa za mwanzo, pale maganda ya risasi yanapookotwa na haohao waliofyatua, pale shahidi anapoandikishwa maelezo katika kituo kilekile anachokilalamikia, pale mwili unapotoka mochwari kwenda kuzikwa kabla daktari asiye wa upande wowote hajaugusa. Bunduki ya polisi haitoki chumba cha silaha bila mtu kuisaini, na risasi zinahesabiwa zinapotoka na zinaporudi. Daftari hilo lipo. Swali ni nani analishika asubuhi ya siku inayofuata, na kama ni mtu wa kituo hichohicho, tusishangae miezi mitatu baadaye kuambiwa kwamba ushahidi haukutosha.

Hata Rais Samia aliliona hili. Februari 2022, baada ya kijana mfanyabiashara wa madini kuuawa na maofisa wa polisi Mtwara, alisema hadharani kwamba haiwezekani Polisi wafanye mauaji halafu wajichunguze wenyewe, akamwagiza Waziri Mkuu aunde timu nyingine. Nilimshukuru Mungu niliposikia maneno yale. Na matokeo yalionekana, kwani Juni 2025 Mahakama Kuu Mtwara iliwahukumu maofisa 2 kunyongwa. Lakini kauli ile ilihusu kifo kimoja. Haikugeuzwa kuwa sheria inayomlinda kijana mwingine wa Nachingwea, wa Tarime au wa Temeke ambaye habari zake hazitafika Ikulu.

Halafu ikaja Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu iliyogeuka ya maandamano na vifo, na siku zilizofuata, intaneti ikiwa imezimwa na Dar es Salaam ikiwa chini ya amri ya kutotoka nje usiku. Wako wazazi waliozunguka hospitali hadi hospitali wakitafuta watoto. Novemba, Rais akaunda tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Simvunjii heshima Jaji huyo; ni yeye aliyeongoza pia Tume ya Haki Jinai ya mwaka 2023. Lakini tujiulize kwa nini tangu Brigedia Jenerali Hashim Mbita alipopewa kazi ya kuchunguza mauaji ya Januari 2001 Zanzibar, hadi leo, njia yetu ni ileile. Tume huteuliwa na mamlaka ileile inayoliamuru Jeshi la Polisi, hupewa hadidu za rejea na mamlaka hiyo, na ripoti hukabidhiwa kwa mamlaka hiyo. Ikishamaliza inavunjwa, na uzoefu wote iliokusanya unatawanyika. Kifo kinachofuata kinaanza upya kana kwamba hatujawahi kuzika.

Wenzetu wa Kenya walipotoka kwenye machafuko ya 2007/08, ripoti ya Tume ya Waki haikubaki rafuni tu. Mwaka 2011 walitunga sheria ya Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi, IPOA, yenye wapelelezi wake, na polisi wanalazimika kuipa taarifa mtu anapokufa mikononi mwao. Sidanganyi kwamba Kenya wamepona. Wakili Willie Kimani aliuawa mwaka 2016 akimtetea mteja aliyekuwa ameilalamikia polisi kwa mamlaka hiyohiyo. Vijana waliopigwa risasi kwenye maandamano ya Juni 2024 familia zao bado zinasubiri. Lakini angalia tofauti. Katika kesi ya Kimani, maofisa 3 na mtoa habari wao walitiwa hatiani mwaka 2022. Na Albert Ojwang' alipofia kituo kikuu cha polisi Nairobi Juni 2025, polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa mwili ukaonesha alipigwa, IPOA ikalichukua jalada, na katika muda wa wiki chache maofisa wakawa mahakamani. Hakuna aliyehitaji kumsubiri Rais aunde chochote ili jalada hilo lifunguliwe.

Sisi hatuanzi na mikono mitupu. Ibara ya 14 ya Katiba inataja haki ya kuishi. Tunayo Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, inayowezesha kifo chenye utata kuchunguzwa hadharani mbele ya mahakama, familia ikisikia. Imelala. Naomba Bunge liiamshe kwa kuifanya lazima kila mtu anapokufa kwa nguvu ya askari, awe mtuhumiwa wa ujambazi au mwanafunzi, bila kusubiri mtu mkubwa atoe maagizo. Na litunge sheria ya chombo huru chenye wapelelezi wasio askari wa Jeshi la Polisi, wenye ruhusa ya kuingia chumba cha silaha na kulichukua daftari siku hiyohiyo.

Najua nitajibiwa kwamba nawafunga mikono askari. Aprili 2017 askari 8 waliuawa kwa kuviziwa Kibiti, na walikuwa watoto wa watu, wana wake na wana watoto. Askari anayeshambuliwa kwa risasi ana haki ya kujilinda, na uchunguzi huru utamsafisha mbele ya umma kuliko taarifa yoyote ya kamanda wake. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 hazimkatazi kutumia silaha kuokoa uhai, wa kwake au wa mwingine. Zinamtaka atoe taarifa na awe tayari kuhojiwa. Yule aliyefyatua kihalali hapotezi chochote.

Kwa hiyo, wasomaji wenzangu, mbunge wako akija jimboni muulize mambo mawili. Mwaka jana watu wangapi waliuawa na polisi katika mkoa wetu, na ni vifo vingapi kati ya hivyo vilifunguliwa uchunguzi chini ya Sura ya 24? Akisema hajui, mwambie aliulize hilo bungeni, na jibu la Waziri liingie kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge.

Karani mstaafu wa mahakama,
Morogoro