Kiangazi si msimu wa kutazama ndege Dodoma

Ndugu Mhariri,

Kurasa za utalii za magazeti yetu hurudia ushauri uleule kila mwaka: nenda kiangazi, Juni hadi Oktoba, majani yamepukutika na wanyama wamejazana kwenye maji. Kwa Hifadhi ya Ruaha ushauri huo ni sahihi kabisa. Kwa anayetaka kutembea kwa miguu kwenye vilima na vichaka vya Dodoma, haufai. Msimu wetu ni zile wiki sita hivi zinazofuata mvua za kwanza za kifuku, kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi mapema Januari.

Sababu ni mvua yenyewe. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, tena haba, kwa kawaida chini ya milimita 600 kwa mwaka, kwa hiyo kila kiumbe huharakisha kula na kuzaa kabla haijakatika. Mvua ya kwanza ikinyesha, kumbikumbi hutoka kwenye vichuguu, na ndege wa kila aina hukusanyika kuwadaka. Ndipo wanapotua wageni. Korongo weusi wenye matumbo meupe hutoka ukanda wa Saheli kufuata mvua na hula nzige na viwavijeshi mashambani (mkulima anayewafukuza anajipunja). Baadhi ya keremkerem hutoka Ulaya. Kozi wa Amur, aliyezaliwa mashariki ya mbali ya Asia, hupita akielekea kusini mwa Afrika. Wenyeji nao hubadilika. Dume la fumbwe, ambalo kiangazi huwezi kulitofautisha na shomoro jike, huota mkia mrefu mweusi, na mnana dume huwa wa manjano na kuanza kusuka kiota. Ukimtazama fumbwe mwezi Agosti utaapa kwamba Dodoma hakuna fumbwe.

Kosa la kwanza la watembezi wengi ni kuchelewa. Desemba jua huchomoza kama saa 12 na robo asubuhi, hivyo uwe umeshafika porini saa 12 kamili. Ikifika saa 3 na nusu joto limepanda na ndege wamenyamaza. Jua liwe mgongoni mwako, vinginevyo kila ndege ataonekana kivuli cheusi. Kwa wanyama zingatia upepo: ukitoka nyuma yako, digidigi atakunusa kabla hujamwona. Nguo ziwe za kahawia au kijani kilichofifia. Shati jeupe huonekana mbali sana.

Darubini ya kutosha ni ile iliyoandikwa 8x42, yaani inakuza mara nane na kioo chake cha mbele kina kipenyo cha milimita 42. Wauzaji hupenda kusifia za 20x50. Usidanganyike: mkono unatetemeka, na darubini inayokuza mara 20 hukuza mtetemo huo pia. Kabla ya kuondoka irekebishe hivi. Funga jicho la kulia, tazama tawi lililo mbali kwa jicho la kushoto, zungusha gurudumu la katikati hadi lionekane vizuri. Kisha funga la kushoto, tazama tawi lilelile kwa jicho la kulia, na safari hii zungusha pete iliyo kwenye kioo cha jicho hilo. Pete hiyo usiiguse tena, tangu hapo ni gurudumu la katikati tu. Wanaolalamika kwamba darubini inawaumiza kichwa mara nyingi hawajawahi kuigusa pete hiyo. Mvaa miwani akunje chini vile vikombe vya mpira vinavyozunguka vioo vya macho. Usiielekeze kwenye jua hata kwa sekunde moja.

Kwenye miamba, tafuta michirizi myeupe na ya kahawia. Huo ni mkojo wa pimbi uliokaukia mahali pamoja kwa miaka mingi. Keti umbali wa mita 40 au 50, nyamaza dakika 20. Pimbi hawamudu vizuri joto la mwili wao, hivyo asubuhi hutoka kuota jua juu ya jiwe huku wakubwa wakilinda. Wakipiga kelele na kutumbukia nyufani wote kwa pamoja, tazama juu, kwani huenda tai mweusi, ambaye chakula chake kikuu ni pimbi, anapita. Kwenye vilima visivyobughudhiwa sana tazama pia mbuzi mawe, swala mdogo anayesimama kwenye ncha za kwato zake.

Vichuguu vya zamani ni nyumba za nguchiro wadogo, na palipo na nguchiro angalia kama kuna hondohondo. Watafiti waliowachunguza nchini Kenya walikuta hondohondo wakiwasubiri nguchiro asubuhi karibu na kichuguu ili watembee pamoja: nguchiro hushtua panzi, hondohondo huwadaka, na pande zote mbili huonyana hatari ikija. Ukiona hondohondo dume akirudiarudia njia moja na chakula mdomoni, mfuate kwa macho tu. Jike lake limejifungia kwenye tundu la mti, limeziba mlango na kubakiza ufa wa kupokelea chakula. Usichokoe tundu hilo kwa kijiti.

Mibuyu yastahili subira zaidi kuliko mti mwingine wowote. Mashimo yake ni viota vya kasuku wadogo wa kijani wenye kichwa cheusi na ukosi wa manjano, ambao asili yao ni Tanzania peke yake. Maua hufunguka machweo na kudumu usiku mmoja tu, hivyo anayerudi jioni na tochi anaweza kuona popo wala matunda na komba wakiyafuata.

Mito ya mchanga ni daftari la usiku. Soma mapema kabla ng'ombe hawajapita. Alama mbili nyembamba zenye ncha, zisizofika sentimita tatu, ni za digidigi, na karibu utakuta rundo la vinyesi vyake, kwa sababu wawili wenye eneo hilo hurudi palepale. Wayo wa fisi una kucha, wa mbele mkubwa kuliko wa nyuma. Wa chui hauna kucha. Kinyesi cheupe kama chokaa ni cha fisi, kwa ajili ya mifupa aliyotafuna.

Hatari zipo. Mto wa mchanga unaweza kujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali huku juu yako jua likiwaka. Mawingu yakitanda upande wa vilima, toka. Usiingize mkono kwenye nyufa za pimbi, nyoka hukaa humo. Suruali ichomekwe kwenye soksi kwa ajili ya kupe, na kikwata usikipite kwa nguvu: miiba yake imepinda, ukivuta ndipo inapozidi kukushika. Rudi nyuma hatua moja kwanza. Beba lita mbili za maji, na umsalimu mwenyekiti wa kitongoji kabla ya kupanda kilima cha watu.

Ukikuta mtego wa waya, mjulishe ofisa wanyamapori. Kumnasa digidigi bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, hata kama ni kitoweo cha sikukuu.

Ombi langu kwa wapima viwanja: acheni ukanda wa vichaka kuzunguka kila kilima, na vilima vyenye pimbi visigeuzwe machimbo ya kokoto. Pimbi hawezi kuhamia mtambarare. Nanyi wahariri, ushauri wa matembezi ya Dodoma uchapeni Novemba.

Msomaji wenu,
Dodoma