Kabla hujapakua programu ya wachumba Denver

Denver, Colorado
Jumapili jioni

Shosti Rehema,

Visheti ulivyompelekea mama vimefika na vimesifiwa. Alinipigia kwa video huku anavitafuna, makusudi kabisa, ili nione. Baba anakusalimu pia. Anasema viza ikitoka upite Moshi uage, usiondoke kimyakimya. Mimi mzima, kazi zinaendelea, na baridi imetuachia kidogo.

Sasa lile swali lako. Umeniandikia usiku wa manane kwa herufi kubwa, "HUKO WATU WANAPATANAJE?", ukataka nikutajie programu moja tu ya wachumba uipakue mapema, ili ukishuka uwanja wa ndege mwezi wa nane uwe umeshajipanga. Jibu langu ni Hinge, na Muzz pembeni. Ila ukiishia hapo utaumia, kwa hiyo soma mpaka mwisho.

Denver si Dar. Dar mtu akikutaka utajua tu: atakusemesha kwenye mwendokasi, ataomba namba kwa shoga yako, atajifanya amekosea namba. Huku mwanaume kumtokea barabarani mwanamke asiyemfahamu ni jambo la ajabu, linatisha hata, kwa hiyo wengi wanatokeana kwenye simu. Na mji wenyewe ni wa watu wa milimani. Upo mita 1,609 juu ya usawa wa bahari (sisi Moshi mjini hatufiki hata 1,000), na ukitazama magharibi unaiona Milima ya Rocky imejipanga. Jimbo hili lina vilele zaidi ya 50 vinavyopita futi 14,000, yaani kama mita 4,267, na kuna watu wanavipanda kimoja kimoja huku wakitia alama kwenye orodha. Majira ya joto wanapanda, wanakimbia, wanaendesha baiskeli. Majira ya baridi wanateleza kwenye theluji. Jumamosi ya Januari, saa kumi na mbili asubuhi, barabara kuu ya I-70 inayoelekea milimani imeshafunga foleni ya magari yaliyobeba ski, vile vibao vya kutelezea, juu ya paa.

Kuna mpaka ushabiki wa tiketi. Tiketi kubwa za msimu wa theluji ni mbili. Epic inakuingiza Vail, Breckenridge na Keystone. Ikon inakuingiza Winter Park, Copper na Steamboat. Basi watu wanaandika kwenye wasifu wao wa kutafuta mchumba kwamba wao ni Epic au Ikon, kama kwetu mtu angejitambulisha kuwa ni Simba au Yanga. Afadhali sisi, Simba na Yanga wanaweza kuoana na wakaenda uwanja mmoja. Hawa kila mmoja anakwenda mlima wake.

Matokeo yake ni kwamba picha zote zinafanana, nakuapia. Mwanaume juu ya kilele, mikono hewani. Mwanaume na ski, miwani ya theluji imefunika uso, hujui hata kama ana nyusi. Mwanaume kashika samaki. Mwanaume na mbwa. Mbwa peke yake. Wanaume sita wenye kofia za aina moja, na wewe ubashiri yupi ndiye mwenye akaunti. Ukitazama mfululizo unaanza kuhisi wote ni ndugu wa tumbo moja.

Ndiyo maana nakwambia, huku usichague programu kwa umaarufu wala kwa wingi wa watu. Chagua inayomlazimisha mtu kuandika. Picha ya mlimani inakueleza kwamba ana miguu na ana gari. Haikwambii Jumanne jioni akitoka kazini yukoje, anapika au anaagiza, anampigia mama yake au anangoja apigiwe. Na wewe utaishi naye Jumanne nyingi kuliko Jumamosi.

Tinder unaijua. Ilianza mwaka 2012, na ndiyo iliyowazoesha watu kutelezesha kidole: kulia namtaka, kushoto simtaki. Ni programu ya picha, na mahali ambapo picha zote ni za mlimani unajikuta unachagua milima. Tena inafuata simu ilipo. Dar hilo halikusumbui sana, lakini hapa msimu wa theluji wageni wanamiminika; unamwona mtu yuko jirani, mnachati vizuri, kumbe wa Texas, Jumapili anaruka kwao. Sisemi ni watu wabaya. Kama unataka stori za siku mbili ni juu yako, mimi si imamu.

Bumble ilianza 2014. Aliyeianzisha, Whitney Wolfe Herd, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Tinder. Huko mkishakubaliana, mwanamke ndiye anayeanza kuandika, na ana saa 24. Tangu 2024 unaweza pia kuweka swali lako ukawaachia wanaume walijibu. Kwa mwanafunzi inaweza kufaa. Mimi na zamu zangu za usiku, saa 24 ni usingizi mmoja na dobi.

(Halafu usidhani ni kampuni nyingi hivyo. Tinder, Hinge na OkCupid zote ni za Match Group. Bumble naye ni ndugu na Badoo, ile tuliyokuwa tunaichezea bwenini.)

Hinge nimeipenda kwa sababu haikubali ukae kimya. Unapewa vianzio vya sentensi, unachagua vitatu, unavimalizia mwenyewe. Anayekutaka lazima aguse kitu fulani, picha hii au jibu lile, na anaweza kuandika neno juu yake. Asiyelipa anapewa nafasi chache tu za kupenda watu kwa siku, jambo linalowapunguza wale wa kubofya kila kitu kinachopumua. Mahali unapoishi unapaweka mwenyewe kwenye ramani, kwa hiyo mgeni wa wikiendi hakuvamii kirahisi. Unaweza kuchuja kwa dini. Na kila mtu ana nafasi ya kueleza anatafuta nini: mwenzi wa maisha, uhusiano wa muda mrefu, wa muda mfupi, au bado anajitafuta. Wa kujitafuta waache wajitafute. Umbali weka kama maili 15, maana huku wanahesabu maili. Boulder iko kama kilomita 45 na kwenye simu inaonekana karibu, lakini siku theluji ikianguka utaijua.

Kusoma majibu yao nako kuna ufundi wake. Wengi wataandika kwamba Jumapili yao ni kahawa, mbwa, mlima na bia. Pita. Tafuta sentensi ambayo asingeweza kuinakili kwa mwenzake. Kuna mmoja aliandika kwamba kila Septemba hununua gunia la pilipili za kijani kando ya Federal Boulevard, pale wanapozichoma kwenye pipa la waya linalozungushwa juu ya moto, halafu anakaa jikoni na dada yake wanamenya maganda huku wanabishana nani alimpenda bibi zaidi. Mpaka vidole vinawaka, alisema, na mwaka unaofuata wanasahau glavu tena. Huyo nilimwandikia kabla sijafika kwenye picha ya pili. Hana kilele hata kimoja kwenye wasifu wake, na katika mji huu hiyo ni jeuri.

Ya kwako sasa. Usije ukaandika unapenda kupanda milima. Kila mtu ameandika hivyo, na ukiandika watakupeleka kweli. Wewe ambaye ghorofa ya tatu pale Kariakoo ulikuwa unapumzika mara mbili, ukijifanya unatazama vitenge! Andika kuhusu timu yako, Coastal Union, na machozi inayokuliza. Andika kwamba unaweza kubishana juu ya visheti mpaka usiku. Anayekufaa atauliza visheti ni nini, na hapo mazungumzo yameshaanza bila mtu kupanda popote.

Muzz, zamani ikiitwa muzmatch, ni ya Waislamu wanaotafuta ndoa, na ina nafasi ya kumweka walii, yaani msimamizi wako wa ndoa, au ndugu akapata nakala ya mazungumzo. Najua unacheka. Fikiria kaka yako yuko Tanga anasoma salamu za watu wa Colorado na kuzitolea hukumu. Lakini kwa anayeijua nia yake inaokoa muda, na wewe umeniambia nia yako unaijua. Huko usibane umbali. Waislamu hapa wapo, hasa upande wa Aurora kwa Wasomali na wengineo, ila si Tanga, kwa hiyo ruhusu hata majimbo mengine.

Nikupe burudani kidogo. Mimi wa Moshi, niliyeuona Kilimanjaro kila asubuhi nikipiga mswaki na sijawahi kulipita lango la Marangu, nimekuja kukutana na Kibo kwenye simu ya Denver. Walioupanda wamejaa! Picha ni ileile, kibao cha Uhuru, mita 5,895, midomo imepauka, bendera. Nikiivuta naona pembeni kiwiko cha mtu, au nusu ya bega, au kona ya mzigo. Mgumu, yaani mpagazi, amekatwa. Basi nina swali moja ninalowauliza wote: aliyekubebea hema anaitwa nani? Wengine wanaingia mitini papo hapo. Wengine wanajitetea, mara wapagazi walikuwa wengi, mara hewa ilikuwa nyepesi. Mmoja alinitajia jina la mgumu wake, akanitajia na la mpishi, akaeleza uji wa moto aliopewa saa tano usiku kabla ya kuanza kupanda kileleni, na kwamba mpaka leo wanatumiana salamu WhatsApp kila Krismasi. Tulionana. Hatukufika mbali, anahamia Montana kwa sababu eti Denver kumejaa watu, lakini jioni ile siijutii.

Sasa hili lisikilize vizuri. Mkishazoeana kidogo watakualika mlimani, iwe ndiyo siku ya kwanza kuonana. Kwao ni ukarimu, usiwahukumu. Mimi nilialikwa kuondoka saa kumi alfajiri, nikadhani ni utani. Kumbe sababu ipo: majira ya joto radi hupiga milimani mchana, kwa hiyo wapandaji hutaka wawe wameshateremka kabla ya saa sita. Sababu nzuri, na bado nilikataa. Unapanda gari la mtu usiyemjua, unaingia kwenye mabonde ambako simu haishiki, na kurudi ni mpaka yeye aamue. Hata akiwa malaika, juu huko utakuwa unahema tu, na muda wote unatazama kisigino chake. Mwambie tuanze kwenye tambarare. Kuna ziwa la Sloan's, njia yake inazunguka kama kilomita nne bila mwinuko, watu wamejaa, na ukichoka kahawa iko karibu. City Park nako pazuri. Nenda kwa usafiri wako, urudi kwa usafiri wako. Kabla ya hapo mpigie video dakika kumi, maana matapeli wa mapenzi wapo huku kama wapo kwetu, wale wa "niko kwenye mtambo wa mafuta baharini, kamera imeharibika". Ukifika nitumie jina, picha na mahali, nami nitakupigia baada ya saa moja nikijifanya nimefungiwa nje ya nyumba.

Na mtazame anavyolipokea hilo la tambarare. Mmoja aliniambia kwamba nisipopenda milima nimekuja Colorado kufanya nini. Nikamjibu nimekuja kufanya kazi. Kwaheri.

La rangi sitalizunguka. Weusi hapa si wengi, na simu hailifichi hilo. OkCupid walichapisha takwimu zao mwaka 2014, zikaonyesha kuwa wanaume wasio weusi walikuwa wakiwapa wanawake weusi alama za chini. Kuna wiki simu itakuwa kimya na kioo kitakwambia huna kasoro, amini kioo. Atakuja na yule atakayekusifu kama twiga wa mbugani. Mzuie, usimjibu hata herufi. Na usiifanye simu kuwa mlango pekee: Wakongo wa Aurora wanaozungumza Kiswahili wana harusi karibu kila Jumamosi ya kiangazi, na huko hakuna anayeuliza una tiketi gani.

Kulipia, subiri kwanza. Ya bure inatosha mpaka ujue unatafuta nini, na ada yake ni nauli nzuri ya kwenda kuonana na mtu.

Nitumie majibu yako matatu wiki hii, hata kwa sauti, niyapige msasa. Picha nne zinatosha kuanzia: moja ya uso bila miwani, moja umesimama mzima, moja unacheka, moja uko jikoni. Ile ya harusi ya Zuhura usiitie. Umependeza, sikatai, lakini mko kumi, wote sare moja na kilemba kimoja, atakayekupata humo ni mpiga ramli.

Shoga yako,
Upendo