Bosi naye afuate sera za kompyuta

Mhariri,

Hii maneno ya kulaumu watu wa IT kwa maofisi nataka niisemee kidogo maana ndio kazi yangu hapa Upper Hill. Kila siku ni mbona flashi yangu imekataa, mbona siwezi badilisha picha ya skrini, nani amenifungia nisiweke programu. Jameni hakuna mtu anakuja usiku kwa meza yako. Ni sera (Group Policy), yaani masharti ya kompyuta za ofisi, inaandikwa mara moja kwa seva, ile kompyuta kuu, na kompyuta zote za domeni, yaani zile zimeunganishwa zisimamiwe pamoja, zinaichukua zenyewe, sera ya mashine ikiwaka, sera ya mtumiaji akiingia na paswadi yake, halafu zinarudi kuuliza kila dakika 90 hivi, na zinaongezewa mpaka dakika 30 za kubahatisha ndio zote zisiangukie seva pamoja. Kwa hivyo ukiambiwa ngoja kidogo si uvivu.

Microsoft walileta hii kitu na Windows 2000, lakini kuna ofisi hapa Nairobi mtu wa IT bado anazunguka meza kwa meza kama muuza njugu, juu bosi alinunua lapitopu za Windows Home, ile ya matumizi ya nyumbani, akisema ni bei rahisi, na Home haiingii domeni. Sasa hapo umeokoa nini?

Lakini shida kubwa ni wakubwa wenyewe. Sera haimalizi wiki simu imeshapigwa, "kijana, niondolee hiyo kitu." Leo mkurugenzi, kesho mhasibu, kesho kutwa sekretari wa mkurugenzi, mpaka kikundi cha waliosamehewa kinakuwa kikubwa kuliko cha wanaofuata, na hao hao ndio wako na mishahara na namba za vitambulisho vya watu kwa mashine zao! Sheria ya Kulinda Data ya 2019 sijaona mahali inasamehe mkurugenzi aliyechoka na paswadi.

Ingawa hiyo ya kubadilisha paswadi kila mara, wacha niseme ukweli, hata mimi naipinga. Microsoft waliitoa kwa mapendekezo yao ya usalama 2019, na watu wanaongeza tu 1, 2, 3 mwishoni. Hiyo ombeni itolewe kwa wote.

Mengine, mkubwa akitaka msamaha aandike barua, aweke sababu na tarehe ya kuisha, asipige simu Ijumaa jioni watu wakienda stejini.

Fundi wa kompyuta,
Upper Hill, Nairobi