Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Serikali: tuanze kupima mkojo wa watoto wetu

Daktari, shikamoo.

Mimi ni mteknolojia wa maabara katika kituo cha afya jijini Dar es Salaam. Nakuandikia hadharani kwa sababu ninachoomba kinamgusa kila mzazi: nchi yetu ianze kupima kemikali zitokanazo na plastiki katika mkojo wa watoto walio chini ya miaka mitano.

Tarehe 1 Juni 2019 tulipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Naiunga mkono hatua ile mpaka leo. Lakini ilisukumwa na yale yanayoonekana, yaani mitaro iliyoziba, fukwe chafu, mifugo inayokufa na nailoni tumboni. Kinachoingia mwilini mwa mtoto hakionekani, na tafiti zetu kubwa za kitaifa hupima zaidi upungufu wa damu, malaria, uzito na urefu.

Pita uswahilini saa za kupika mchana. Wali umekaribia kukauka, mama anachukua mfuko wa nailoni, anautandaza juu yake, anausokomeza pembeni kwa mwiko ili mvuke usitoke, kisha anafunika na kuweka makaa juu ya mfuniko. Akifunua, nailoni imelegea na kushikana na punje. Wali huohuo ndio anaolishwa mtoto wa mwaka na nusu. Nje, kaka yake ananyonya barafu ya ukwaju na kutafuna kifuko chake mpaka ladha iishe. Maji ya kunywa yamo kwenye ndoo iliyokuja na rangi ya ukuta.

Kliniki tunawakemea kina mama kwa hayo, na sisemi tuache. Ila tunakemea kwa kubahatisha. Mfuko mwembamba wa nailoni kwa kawaida ni plastiki iitwayo polithini, nayo haitengenezwi kwa bisfenoli A (kemikali ya kutengenezea plastiki ngumu) wala haihitaji thaleti (kemikali za kulainishia plastiki) ili iwe laini. Bisfenoli A hutoka zaidi kwenye polikaboneti, ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, na kwenye utando wa ndani wa baadhi ya makopo ya chakula. Thaleti ndizo zinazolainisha plastiki iitwayo PVC: kapeti za plastiki, vitambaa vya meza, midoli ya kubonyeza, mipira ya maji. Nyingine zimo kwenye losheni na vipodozi vyenye manukato. Mfuko uliotengenezwa kwa plastiki chakavu nao unaweza kubeba chochote kilichokuwemo kwenye chakavu hicho. Kwa hiyo huenda tunamgombeza mama kwa sababu ya wali, kumbe mwanawe anapata sehemu kubwa kwenye kapeti analotambaa au losheni anayopakwa akitoka kuoga. Jibu liko kwenye mkojo wake.

Wewe daktari wajua kwa nini naanza na hawa wadogo. Kwa kila kilo ya mwili wake, mtoto anakula, anakunywa na kuvuta hewa zaidi yetu. Anaishi sakafuni na mkono uko mdomoni kutwa. Kemikali hizi huingilia kazi ya homoni katika umri ambao viungo bado vinajengwa. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishusha kiwango cha bisfenoli A ambacho mtu anaweza kukipata kila siku bila wasiwasi, ikakifanya kidogo mara 20,000 kuliko kile cha awali. Ulaya ilikuwa imeshaiondoa kwenye chupa za kunyonyeshea tangu 2011. Hapa kwetu chupa hizo huuzwa mpaka kwenye meza za stendi, nyingi hazina hata maandishi ya kueleza ni plastiki gani.

Kilichonisukuma kushika kalamu ni habari ya Ujerumani. Katika jimbo la North Rhine-Westphalia wamekuwa wakikusanya mkojo wa watoto wa chekechea wa miaka 2 hadi 6 kila baada ya miaka michache na kuuhifadhi kwenye majokofu. Katika sampuli za 2020 na 2021 wakakuta alama (mabaki yanayotoka mwilini) ya thaleti moja ambayo hawakuitarajia kabisa, kwa sababu ilikuwa imeshadhibitiwa vikali. Wakazitoa sampuli za zamani na kuzipima upya. Zile za 2017 na 2018 zilikuwa na alama hiyo kwa asilimia 26 ya watoto. Hizi mpya, asilimia 61. Taarifa ilitoka mwanzoni mwa 2024, msako ukaanza, na njia moja iliyogundulika ni mafuta ya kujikinga na jua: kiambato chake kimoja kilikuwa kimechafuliwa na thaleti hiyo wakati wa kutengenezwa. Hakuna ofisa aliyeandika mafuta ya jua kwenye orodha ya plastiki. Mkojo wa watoto ndio uliosema. (Kwetu wapo watoto wenye ualbino wasioweza kuishi bila mafuta hayo. Wasiyaache, saratani ya ngozi ni hatari ya hakika kwao. Lakini na wao wanastahili mafuta yaliyopimwa.)

Upimaji wenyewe una ugumu wake, nami nausema nikiwa naujua mkojo. Mtoto wa miaka miwili hakojoi kwa amri. Unamsafisha kwa maji, si kwa vitambaa vyenye manukato, unamkausha, unambandika kifuko cha kukusanyia, au mama anakaa na kikopo akisubiri. Kifuko nacho ni plastiki, hivyo lazima upitishe maji safi ya maabara kwenye kifuko cha aina hiyohiyo na kuyapeleka pamoja na mkojo, ili chombo kisije kuhesabiwa kama mtoto. Maabara haitafuti thaleti yenyewe, kwa kuwa imo hata kwenye vumbi la chumba. Inatafuta mabaki yake baada ya mwili kuivunjavunja. Mabaki hayo mengi hutoka ndani ya siku moja hivi. Kikopo kimoja kinaeleza habari za jana, ndiyo maana mtoto yuleyule anahitaji kuchukuliwa sampuli siku tofauti. Wazazi nao waambiwe mapema kwamba majibu yataeleza hali ya watoto wa eneo lao kwa ujumla, hayatakuwa cheti cha ugonjwa kwa mtoto wao.

Hakuna kati ya hayo kinachotushinda. Katika utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2010 tulipima madini joto kwenye mkojo wa wanawake, maana yake timu zetu zilishazunguka nchi nzima na vichupa vya mkojo. Kina mama wanaleta watoto kliniki kila mwezi kupima uzito, kadi mkononi. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali imezoea kutafuta sumu na dawa za kulevya kwenye mkojo na damu. Tunaweza kuanza na maeneo machache yasiyofanana: Temeke, mtaa ulio jirani na dampo la Pugu Kinyamwezi, mtaa mmoja wa Mwanza, kijiji kimoja cha Singida. Sehemu ya sampuli ipelekwe maabara ya nje ili kuhakiki vipimo vyetu, lakini nusu ya kila kichupa ibaki hapa, kwenye jokofu letu, chini ya ruhusa ya NIMR, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Tusije tukahitaji kujua watoto wetu walikuwaje mwaka huu tukalazimika kuomba ughaibuni.

Majirani zetu wanajua takwimu za mwili zina uzito gani. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walilalamika kwa miaka kuhusu kiwanda cha kuyeyusha betri. Vipimo vya madini ya risasi kwenye damu za watoto vikawa sehemu ya ushahidi, na Julai 2020 mahakama ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Plastiki si risasi, na mimi sitafuti kesi. Nataka TBS, shirika letu la viwango, ikikaa kupanga viwango vya chupa, midoli na losheni za watoto iwe na namba za watoto wa Tanzania mezani.

Ombi langu ni mambo mawili. Kwanza, mkojo wa watoto uingizwe kwenye utafiti wa taifa ujao kabla dodoso halijafungwa. Pili, majibu yarudishwe kwenye mitaa yalikotoka, kwa Kiswahili, mama akiwa wa kwanza kuyasikia, tena bila kutafutiwa kosa. Wenzangu wa maabara na mimi tuko tayari kujitolea kuwafundisha wakusanyaji wa sampuli, mahali popote utakapotutuma.

Wako katika kazi,
Mteknolojia wa maabara, Temeke