Runinga kubwa peke yake haitoshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe wanaovuka ziwa kutoka Ukerewe na Sengerema kuja Mwanza kununua runinga za HD, yaani zenye picha ya nukta nyingi na iliyo wazi zaidi. Runinga yenye nukta 1920 kwa 1080 haitatoa picha ya ubora huo iwapo king'amuzi ni cha kawaida, au kimeunganishwa kwa zile nyaya za njano, nyeupe na nyekundu, ambazo haziwezi kuipitisha hata ziwe za bei gani. Panahitajika king'amuzi cha HD, waya wa HDMI (waya mmoja unaopitisha picha ya HD na sauti, ambao si ghali), na chaneli inayorushwa kwa ubora huo. Mnunuzi adai runinga ijaribiwe dukani kwa king'amuzi, si kwa flashi yenye video iliyoandaliwa kumvutia.

Msomaji wako,
Nyamagana, Mwanza