Mdogo wangu, mkono ule niliushusha mimi

Mdogo wangu,

Mfuko wako umenifikia. Mama aliuleta mwenyewe, akautua mlangoni, akasema "vitu vya mwenzio hivi," akakataa hata kukaa. Viatu vyeusi, soksi mbili zisizofanana, kitabu cha kanuni ulichokipiga mistari ya njano mpaka wino umetokea upande wa pili, na filimbi. Hukuweka hata kijikaratasi. Basi naandika hapa, kwa kuwa simu zangu hupokei, na ujumbe wangu unausoma, naona kabisa umeusoma, na hujibu.

Najua utasema nimekuanika. Ulianza wewe, kwenye kile kikao cha tathmini, mbele ya marefa wote wa mpira wa kikapu, uliposema "dada yangu anaogopa makocha." Siku ile nilinyamaza, nikajifanya naandika.

Naogopa makocha, mimi? Nani alikwambia kwamba kocha akikujia amefura usisimame naye uso kwa uso kama majogoo, ugeuke ukae ubavuni mwake, wote wawili mkiangalia uwanja, kwa sababu ni vigumu kumfokea mtu mnayetazama naye kitu kimoja? Nani alikufundisha kwamba kocha akiuliza swali anajibiwa kwa maneno matano, na akitoa kauli anaachwa nayo? Kwamba yeye akipandisha sauti, wewe unashusha yako mpaka alazimike kuinama ili akusikie? Kwamba "namba 12, mikono," ikisemwa mapema, kabla hawajaanza kusukumana chini ya kikapu, inakuokolea faulo tatu huko mbele? Ukikosea, sema "ile nimekosea," lakini mara moja tu kwa mchezo mzima, maana ukiisema mara ya pili watakuimbia.

Hayo hayamo kwenye kitabu chako cha mistari ya njano. Kitabu kinasema kapteni anaweza kuzungumza na refa kwa adabu, mpira ukiwa umekufa na saa imesimama. Hakisemi ufanye nini kapteni anapokuja anatetemeka kwa hasira, na wewe unajua kabisa kwamba faulo ile hukuiona vizuri.

Na sisi tuna mzigo wa ziada, hilo sikukuficha tangu siku ya kwanza. Mwenzetu wa kiume akipaza sauti wanasema refa yule mkali. Ukipaza wewe, umepaniki. Mara ngapi kocha ametupita sisi wawili, tuko palepale mbele ya pua yake, akaenda ng'ambo ya pili ya uwanja kumuuliza yule kaka kuhusu faulo niliyoipiga mimi? Yule kaka, Mungu amzidishie, alikuwa na jibu moja tu: "Aliyepiga yule pale." Anamwonyesha kwa kidevu, anaondoka. Sijawahi kumshukuru. Wewe ulimshukuru, nakumbuka, ukamwambia angekuwa yeye refa mkuu usiku ule mambo yangekuwa mengine. Hilo nalo lilinifikia.

Haya, tuuzungumze usiku ule.

Robo ya nne, zimebaki sekunde 41, tofauti pointi mbili. Nyota wao alimvaa beki kifuani, na beki miguu yake ilikuwa imetulia kitambo. Wewe ulikuwa kwenye mstari wa mwisho, karibu kuliko sote. Ukapuliza, ukagonga ngumi kwenye kiganja, faulo ya mshambuliaji, mpira ugeuke. Nimeiangalia ile video mara nyingi kuliko ninavyoweza kukubali hapa. Uliamua sawa. Uliamua vizuri kuliko ambavyo ningeamua mimi, maana mimi nadhani ningesita. Sikukwambia siku ile, na siku zilizofuata nilikuwa nangoja uanze wewe.

Kocha akatoka eneo la benchi lake, akaja mpaka karibu na mstari wa katikati. "Nani kamleta huyu binti? Mtafutieni kazi nyingine!" Halafu akasema lile neno. Siliandiki, Mama anasoma.

Nilikuona unarudisha filimbi mdomoni. Kiganja cha kushoto umekilaza, cha kulia kinapanda kwenda kutengeneza ile T, alama ya faulo ya kiufundi kwa kocha. Nilikuwa hatua nne kutoka kwako. Nikaja, nikakushika kiwiko, nikaushusha mkono. "Niachie mimi." Kisha nikamwendea kocha, nikasimama ubavuni mwake kama ninavyofundisha watu, nikamwambia jambo, akacheka. Nami nikacheka. Jukwaa zima likaona refa mkuu na kocha wanacheka pamoja, na wewe umesimama peke yako katikati ya uwanja, umeshushwa mkono kama mtoto aliyetaka kugusa moto.

Uliniuliza nilimwambia nini. Nilimwambia, "Kocha, bado una sekunde 41, usizipoteze kwetu." Ndiyo hayo tu. Sikukusema wewe hata kwa neno moja. Wala sikukutetea, najua ndilo utakalosema.

Unashikilia kwamba ile T ulishaipulizia. Mimi nasema sikusikia. Ukumbi ulikuwa unanguruma, ngoma zinapigwa nyuma ya kikapu, na hata saa haiwezi kutuamulia. Zile filimbi zenye kifaa cha kiunoni husimamisha saa zenyewe refa anapopuliza, lakini saa ilishasimama kwa faulo yako ya kwanza. Kwa hiyo limebaki neno lako na langu. Ninyi mnaosoma mtanisamehe, hili kwenu ni jambo dogo. Kwa refa si dogo. Kama alishapuliza, basi nilifuta uamuzi wa mwenzangu hadharani, na refa hamfanyii hivyo hata refa asiyempenda.

Adhabu yenyewe mtupo huru mmoja! Mmoja, halafu mchezo unaendelea ulipoishia. Sisi tumeukatia undugu.

Lakini na wewe jiweke mahali pangu. Pointi mbili, sekunde 41, mtupo ule ungeweza kuamua mchezo. Ulisikia walivyosema tulipopangwa pamoja: ndugu wawili, tena wanawake, mwaka huu watatuzika. Wanawake wawili kwenye mchezo mmoja wa wanaume! NBA yenyewe, ligi kubwa ya kikapu ya Marekani, iliwaajiri Violet Palmer na Dee Kantner mwaka 1997, lakini haikuwa na waamuzi wawili wanawake katika mchezo mmoja mpaka tarehe 25 Januari 2021, siku ya Natalie Sago na Jenna Schroeder. Hesabu mwenyewe hiyo miaka. Nilitaka king'ora cha mwisho kilie bila mtu kupata sababu ya kusema "tuliwaambia." Nilikuwa nakulinda. Nilikuwa nalinda nafasi yako, na ya atakayekuja baada yako.

Halafu wewe ndiye uliyenisomesha hizo habari. Mimi Violet Palmer nilimjua kwa jina tu. Wewe ulikuja na tarehe zote, kwamba alianza Vancouver tarehe 31 Oktoba 1997, kwamba kabla ya filimbi alikuwa mchezaji hodari chuoni, bingwa wa daraja lake miaka miwili mfululizo. Picha ya Sarah Gamal wa Misri, amevaa hijabu na filimbi yake kwenye mchezo wa watatu kwa watatu pale Olimpiki ya Tokyo, ulinitumia saa nane za usiku, ukaandika "Dada, unaona?" Niliamka nikaona. Ile picha ninayo bado.

Tulichotofautiana ni kile kipande cha katikati. Kantner aliachishwa na NBA mwaka 2002. Palmer akabaki mwanamke peke yake mpaka Lauren Holtkamp alipoajiriwa mwaka 2014. Wewe ile miaka 12 ulikuwa unaisoma kama aibu ya ligi. Mimi nilikuwa naisoma kama onyo: mlango huu ukifunguliwa unaweza kufungwa tena, na anayebaki ndani lazima ajue kukaa. Palmer alingoja mpaka 2006 ndipo akapewa mchezo wa mtoano. Mwaka uliofuata mtangazaji mmoja wa redio, mchezo ukiendelea, akasema arudi jikoni akamtengenezee bekoni na mayai. Baadaye aliomba radhi. Palmer akaendelea kuamua mpaka alipostaafu 2016. Nikakutolea mfano huo kwenye gari tulipokuwa tunarudi, nikidhani nimekumaliza. Ukaniambia, bila hata kunigeukia, "Yule alikuwa redioni, dada, hakuwa mbele yake. Na Palmer hakuwa na dada wa kumshusha mkono."

Nilisimamisha gari nikakwambia ushuke. Ukashuka. Ukatembea. Hilo halikusemwa kwenye kikao, ulinisitiri, na nakushukuru kwa hilo hata kama sina haki.

Sasa sikiliza jambo ambalo hata Mama hajui.

Mwezi uliopita nilikuwa na mchezo. Robo ya pili, hakuna presha yoyote, timu moja inaongoza kwa pointi 14. Kocha, mwingine kabisa, si yule, akanipigia kelele kutoka kwenye benchi: "Mama, vaa miwani!" Ndiyo hayo tu, hata nusu ya uliyoambiwa wewe hayafiki. Mikono yangu ilikuwa juu kabla sijafikiri. T. Nikaenda mezani nikaripoti, sauti imetulia kama inavyotakiwa, mpigaji akaenda kwenye mstari, mtupo wenyewe akaukosa, mchezo ukaendelea. Jukwaa lilizomea kidogo likachoka. Yule kocha baada ya mchezo alinipa mkono.

Hakuna aliyekuja kunishika kiwiko.

Usiku ule nilikaa kitandani najaribu kujieleza mwenyewe. Robo ya pili si sawa na robo ya nne. Pointi 14 si sawa na mbili. Kocha yule wa kwanza ana historia, anajulikana, ukimpa T moja anatafuta ya pili ili atolewe na aende kusema mbele ya kamera. Yote hayo ni kweli na nakuapia ningeweza kuyaeleza kwenye kikao chochote. Nina miaka mingi ya kuwaeleza watu mambo wakaridhika. Lakini kila nikifika mwisho nabaki na kitu kimoja, kwamba langu nililipatia herufi nzima, lako nikalipatia kicheko.

Ila na wewe ulikosea kuondoka vile. Msimu haujaisha, ratiba imeshatoka, mimi ndiye niliyeambiwa nitafute wa kuziba nafasi yako, nikawa nampigia mtu na mtu nikisema mdogo wangu anaumwa. Nimekudanganyia mara nne. Ungenitukana tu. Ungekuja hapa ukanitukana mpaka ukachoka, tungelala, tungeamka. Kuniletea mfuko kwa mkono wa Mama, mwanamke wa umri ule, na zile ngazi zangu! Hilo sitalisahau mapema.

Filimbi nimeiosha kwa maji ya moto. Kamba yake ina fundo ulilofunga wewe, sijalifungua.

Viatu navivaa mimi. Vyangu viliachia soli Jumamosi wakati tunapasha misuli, vyako vilikuwa kwenye gari, nikavivaa mchezo mzima. Vinanibana kidole gumba cha kushoto, na kiatu cha kulia kinalia kila ninapogeuka. Ukivitaka njoo uvichukue mwenyewe. Usimtume Mama.

Dada yako.